Nepi Juu ya Chaja

Jumatatu, 6 Mei

Imekuja! Baiskeli ya umeme ya mlimani. Imeletwa dukani kwenye boksi kubwa kuliko kabati letu la nguo. Kijani cha mjusi. Tairi nene kama mkono wa mtoto aliyeshiba. Bei yake nilipoisoma nilidhani ni namba ya simu ya mwenye kiwanda.

Bosi akasema tunaachiwa wiki moja tu. Mmoja wetu ashinde nayo kwenye njia za msituni, alale nayo nyumbani, kisha Jumamosi aipandishe mlima mbele yake na mbele ya wateja na aseme ukweli wake. Ikifaa, duka litachukua kadhaa za kukodisha. Na huyo mjaribu atakuwa anatoka na wateja kila Jumamosi.

Nilinyoosha mkono hajamaliza. Jumamosi zilikuwa zangu! Mimi mbele, wateja nyuma kama vifaranga vya bata. Halafu akazaliwa kifaranga wangu mwenyewe, na niliporudi kazini nikawekwa kaunta kuuza viraka na pampu. Kutwa nzima natazama ukuta wenye matangazo ya mafuta ya cheni. Jumamosi kachukua Kilomita, mwenzangu wa dukani. Ndivyo tunavyomwita, maana hana sentensi isiyo na kilomita ndani yake.

Kilomita akacheka kwa pua. Akauliza, dada yangu, hicho kiti unakitaka cha kuendeshea au cha kunyonyeshea?

Nikamgeukia bosi nikamwambia sijawahi kuacha mazoezi. Hata siku moja!

Uongo mtupu. Zoezi langu la mwisho lilikuwa kuingia chini ya kochi kutafuta kijiko cha Kifaranga, nikabaki hukohuko kidogo kwa sababu palikuwa na utulivu.

Mpango: mota ipande mlima. Mimi nikae juu yake nitabasamu.

Jumanne, 7 Mei

Leo msituni. Kifaranga nimemwacha kwa mama mkwe, ambaye tunaishi naye tangu nirudi kazini.

Tathmini. Baiskeli ina ngazi tatu za nguvu. Maneno ya kwenye skrini sikuyapenda, nimezibatiza upya. Ya kwanza, Mwendo wa Harusi. Ya pili, Mwendo wa Sokoni. Ya tatu, Mwendo wa Mwizi. Nikaanza na ya tatu. Kosa. Nilikanyaga pedali kidogo tu, nikajikuta kichakani nimetazamana na mbuzi. Mbuzi hakushtuka. Nilishtuka kwa niaba yetu wote wawili.

Lakini kupanda nayo! Jamani! Unazungusha miguu kama unakoroga uji, na mlima unarudi nyuma. Nililia kidogo. Sikumbuki mara ya mwisho kitu kunibeba mimi. Mbebaji huwa ni mimi: mtoto, beseni, mfuko, mtoto tena.

Sikufika Tubu. Tubu ni ule mwinuko wa mwisho kabla ya kilele, mizizi na mawe matupu, na waendesha baiskeli wote wanauita hivyo kwa sababu ukifika pale unazikumbuka dhambi zako. Nilikuwa chini yake nikavuta pumzi, maziwa yakaanza. Mabaka mawili kifuani, makubwa. Kifaranga alikuwa analia huko nyumbani, mwili umesikia kabla ya sikio. Nikageuza.

Breki: hazina lawama. Zinashika kwa upole na hazikuachii. Ningepata mtu wa kaunta wa namna hiyo, ningemwachia kaunta.

Nyumbani nikamkuta Kifaranga mgongoni kwa mama mkwe, fofofo. Mama mkwe akaninong'oneza: alilia kidogo tu, nimemwimbia, kalala. Wimbo wenyewe hauna hata maneno! Ni mmm-mmm-mmm tu. Mimi kumlaza mtoto huyu mchana ni vita vya kugombea mpaka. Kwake anazimika kama taa.

Nikasema asante, Mama. Nilisema kwa meno.

Jumatano, 8 Mei

Ushindi! Mkubwa!

Mchana niliipindua baiskeli sebuleni, matairi juu, niifute tope. Kifaranga yuko kwenye mkeka anapiga kelele, hataki kulala, hataki kuamka, hataki chochote kilichoumbwa. Mama mkwe kashaifunga mbeleko tayari, anasubiri nishindwe. Anasubiri kwa adabu, ndilo linaloniudhi.

Sasa, baiskeli hii ina kitufe cha kusukumia. Ukiwa unatembea kando yake mlimani, ukikibonyeza inajisukuma yenyewe polepole. Nikakigusa kwa bahati mbaya. Tairi la nyuma likaanza kuzunguka hewani. Mmmmmmmmm.

Kifaranga akanyamaza katikati ya kilio. Mdomo wazi. Akatazama tairi. Likazunguka. Macho yakazunguka nalo. Kope zikashuka, zikapanda, zikashuka. Kwisha!

Nilipoachia kitufe, akafungua jicho moja. Nikabonyeza, likafumba. Ndipo nikakifunga kitufe kwa soksi yake, ile yenye vidoti, ikakaza vizuri kabisa. Mikono huru! Mtoto kalala! Mama kamlaza!

Mama mkwe akasema kwa sauti ya chini kwamba kwao watoto hawakulazwa kwa mashine ya kusaga. Kisha akaifungua mbeleko. Akaikunja. Akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama leso, akaketi nayo mapajani.

Nilikuwa nimeshinda. Sijui kwa nini nilikwenda kumpikia chai.

Usiku nimeichaji. Chaja ina kitaa cha kijani kinachomulika ukutani, na Kifaranga anakionyeshea kidole badala ya kulala. Nimekifunika kwa nepi. Akili ni nywele.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikuwa niende msituni mchana. Sikwenda. Nilipindua baiskeli ili nimlaze Kifaranga kwanza, nikajilaza kando yake nisikilize kama mota ina kasoro. Nikasikiliza sana. Niliamshwa na Baba Kifaranga aliporudi kutoka kiwanda cha mikate, unga kwenye nyusi. Anasema alitukuta mkekani tumelala mimi na mtoto, midomo wazi wote wawili, na tairi linazunguka juu yetu kama feni. Akasema hakuthubutu kuzima. Alivua viatu mlangoni, akala amesimama.

Jioni Kilomita akapita "kunisalimia". Kunisalimia! Macho yote kwenye baiskeli. Akasema kasikia niko nayo sebuleni zaidi kuliko msituni. Nikamwambia nafanya jaribio la sauti. Akauliza jaribio la sauti ndiyo nini. Nikamwambia mteja anayejua mambo huuliza sauti kwanza. Akaniuliza betri inakwenda kilomita ngapi. Nikamwambia inategemea na mtu ana amani kiasi gani moyoni.

Alipokuwa anatoka akaiona soksi kwenye usukani. Akaitazama muda. Nikasema ni ya kupimia upepo.

Mama mkwe alisubiri mlango ufungwe, akacheka mpaka akashika ukuta. Mara ya kwanza wiki hii tumecheka pamoja. Halafu akakumbuka kuwa amenuna.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua kutwa. Bosi kanipa ruhusa nisije, niandae tathmini. Nimeandaa. Kifaranga kalala asubuhi, kalala mchana, kalala alasiri. Tairi limezunguka, mimi nimefua, nimekunja, nimesinzia juu ya nilivyokunja. Mtoto aliyelala vizuri ana uso kama wa mtu anayekusamehe.

Lakini kesho ndiyo kesho. Sijafika nayo Tubu hata mara moja. Nilimwambia Baba Kifaranga kabla ya kulala kwamba naogopa. Si kuanguka. Kuanguka nakujua. Naogopa kufika pale mbele ya watu na kuona kwamba yule wa zamani hayupo tena, kabaki wa kaunta.

Alikuwa anazikanda nyayo zangu, nikadhani kasinzia, maana huwa anasinzia na mguu wangu mkononi. Halafu akasema, basi usipofika juu, nitakuja na mkate, tutaula hukohuko chini. Ndipo akasinzia.

Chaja nimechomeka. Nepi juu yake. Kila kitu kipo sawa.

Jumamosi, 11 Mei

Hakuna kilichokuwa sawa!

Asubuhi nilichelewa kunyonyesha. Nikawasha baiskeli mlangoni, kwenye skrini betri ina kamstari kamoja tu. Nikasema bado haijaamka vizuri, hata mimi asubuhi niko hivyo. Nikaondoka.

Tulikuwa bosi, Kilomita, na wateja wanne, wote kwa baiskeli za kawaida isipokuwa mimi. Kidogo kidogo nikawa mbele. Mwendo wa Sokoni. Nikampita Kilomita nikimpungia mkono, kama bibi harusi ndani ya gari. Akapiga kelele kwamba dada, hiyo ni mota, si wewe! Nikajibu kwamba na wewe hayo ni mapaja, si akili!

Heri ningenyamaza. Chini ya Tubu, palepale, mbele ya ule mzizi mkubwa wa kwanza, baiskeli ikapiga kengele ndogo ya huzuni, skrini ikawa nyeusi, na uzito wake wote ukanirudia kama mtoto anayelala ghafla mikononi mwako. Betri imekwisha. Imekwisha kabisa!

Kilomita akapita. Alipiga mluzi. Bosi akapita akinitazama, akaendelea. Wateja watatu wakapita. Nikashuka, nikaanza kusukuma. Bila umeme baiskeli ile ni jokofu lenye matairi.

Nyuma yangu kulikuwa na mteja wa nne, mama mmoja mshona mapazia, mtu mzima mwenye umbo lake, kaambiwa na daktari afanye mazoezi na anamlaani daktari tangu tulipoanza. Naye anasukuma. Akanifikia, akaitazama baiskeli yangu juu mpaka chini, akasema: "Mwanangu, ya kwako ina mota na bado unaisukuma? Basi leo nimepona. Tatizo si mimi."

Nikacheka. Ilikuwa kucheka au kulia, na kulia nilikwishamaliza Jumanne.

Akasema yeye anarudi. Akakaa kwenye jiwe, akavua kofia ngumu, akasema mlima ni wa vijana. Na mimi, sijui nilitoa wapi, nikasikia sauti yangu ya nyumbani inatoka, ile ya saa ambayo Kifaranga hataki kijiko. Laini lakini haibishiwi. Nikamwambia hatuendi kileleni, tunakwenda mpaka kwenye ule mzizi tu. Tukaenda. Nikamwambia sasa mpaka kwenye lile jiwe jeupe, tukifika tunakaa. Tukafika, tukakaa. Akauliza kwa nini nimemdanganya, mzizi ulikuwa wa kwanza na sasa jiwe. Nikamwambia ndivyo watoto wanavyomaliza uji. Akasema ana wajukuu na hila hiyo ni yake.

Tukiwa kwenye jiwe, wateja wawili wakatokea kwenye kijia cha pembeni, wamekwaruzwa, wana hofu. Kilomita aliwaacha mbali, penye njia panda wakashika ya kushoto. Nikawaweka katikati, mama wa mapazia mbele kwa mwendo wake, mimi nyuma. Palipo tambarare nilipanda na kukanyaga bila umeme, gia ndogo kabisa, meno nje. Magoti yalilia. Lakini yalizunguka! Yule wa zamani alikuwepo. Amenenepa, anahema, ila alikuwepo.

Tukatokea kileleni. Bosi amesimama na Kilomita na mteja mmoja. Mteja mmoja! Bosi akatuhesabu kwa kidole, akamgeukia Kilomita, na Kilomita akaanza kukagua tairi lake.

Bosi akaniuliza betri imekuwaje. Hapo ndipo ningesema ukweli.

Nikasema ni makusudi. Nikasema mtu yeyote anaweza kupima baiskeli ya umeme ikiwa na umeme. Mimi nimetaka kujua itakuwaje mteja akiishiwa umeme pale Tubu.

Kilomita akasema: "Makusudi?" Mama wa mapazia akakohoa kikohozi kirefu sana, akasema ni kweli, alinieleza yote njiani, binti ana mipango huyu.

Bosi akaniuliza, na ikoje? Hilo nikalijibu bila kupamba. Nzuri kuliko zote nilizowahi kupanda, mpaka dakika inapozima. Ikizima, mgeni peke yake haifikishi popote. Ukizikodisha, lazima mtu wetu awe nyuma na betri ya akiba mgongoni, mtu asiyeona haya kwenda polepole.

Bosi akaifungua ile soksi yenye vidoti kutoka kwenye usukani. Nilikuwa nimeisahau! Akaikung'uta, akanipa. Akasema huyo wa nyuma ni wewe basi, kuanzia Jumamosi ijayo. Kilomita abaki mbele, kaunta tutapanga zamu.

Wa nyuma! Mkia! Lakini mkia wa Jumamosi, mlimani, nje ya kaunta. Nimeushika kwa mikono miwili.

Baba Kifaranga alikuwa chini na mkate, kama alivyosema. Nikamwambia nilifika juu. Akasema anajua, mkate alileta kwa sababu ya njaa.

Jumapili, 12 Mei

Nimegundua! Nilinyanyua nepi nikaikuta chaja imelala chini yake, waya haujachomekwa. Nikamuuliza mama mkwe kwa sauti iliyokuwa inajizuia. Akajibu bila wasiwasi wowote kwamba ndiyo, yeye ndiye huchomoa, kila usiku, akizunguka kabla ya kulala. Redio, pasi, chaja, vyote. Kila usiku tangu Jumatano! Anasema vitu vya umeme navyo vinachoka, lazima vilale, vikikesha ndipo vinapounguza nyumba.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa mazuri.

Akanitangulia. Akasema, mwanangu, nikikuona unavyozunguka hapa ndani, asubuhi, mchana, usiku, huwa natamani na wewe ungekuwa na waya. Nikuchomoe.

Nikafunga mdomo. Nikaketi. Akanivuta kichwa kwenye bega lake kama vile mimi ndiye mwenye miezi minane. Ana harufu ya sabuni ya kufulia na ya mwanangu.

Jumatatu, 13 Mei

Baiskeli imerudishwa kwa mwenyewe. Bosi kaagiza kadhaa. Niliipapasa kiti nikidhani hakuna anayeniona. Kilomita aliniona. Hakutania. Akaniuliza tu, kama kwa bahati mbaya, wale waliopotea niliwatulizaje. Nikamwambia ni siri ya uji.

Mchana, vita. Kifaranga anatazama dari, anatafuta tairi lake. Nikazungusha feni, hapana. Nikasaga hewa tupu kwenye blenda, akalia zaidi. Nikajaribu sauti ya mota kwa mdomo wangu, akaniona mwongo.

Nikaenda kuichukua mbeleko mwenyewe. Ilikuwa kwenye kiti, bado imekunjwa ndogo. Nikamletea mama mkwe kwa mikono miwili. Hakusema nilikwambia. Alimfunga mgongoni, akaanza kutembea sebuleni, mmm-mmm-mmm. Kifaranga bado analia. Mama mkwe akasimama. Akafikiri. Kisha akaanza upya, chini zaidi, bila kukata: mmmmmmmmmm.

Mota! Mota kabisa, hata ule mvumo wake wa kuanza kuzunguka! Amekuwa akiisikiliza wiki nzima, yeye na kununa kwake.

Kope zikashuka. Mama mkwe akanikonyeza.

Jumatano, 15 Mei

Bosi kaniita. Yule yule mwenye kuleta baiskeli ana nyingine: ya umeme, ndefu, ya mizigo, ina tela nyuma la kubebea betri za akiba na vifaa. Anatuachia wiki moja. Bosi akauliza kama kuna kati yetu aliyewahi kushuka mteremko na tela. Kilomita akasema yeye hapana, ukweli ni kwamba tela linamtisha. Alisema ukweli, mbele za watu! Nikamhurumia. Mtu hafiki popote hivyo.

Nikanyoosha mkono. Nikasema tangu utotoni. Nimekua na tela.

Sijawahi kulishika. Lakini nina mpango. Kifaranga anaenea mle ndani vizuri kabisa, na mto, na likivutwa taratibu kwenye ua, kwa Mwendo wa Harusi, hakuna mtoto atakayekataa kulala. Mazoezi ya mteremko nitaanza kesho. Au keshokutwa. Jumamosi bado iko mbali.

Baiskeli iko sebuleni. Betri nimeichomeka ijae usiku huu. Chaja yake ina kitaa kikubwa zaidi, chekundu, kinamulika mpaka kitandani kwa mtoto.

Nimekifunika kwa nepi. Namsikia mama mkwe anafanya mzunguko wake wa kuaga nyumba. Usiku mwema, Mama.